Burboni ya Shingo ya Kijani

Mbuzi wa mahari hakuwa tatizo. Suti haikuwa tatizo, wala vitenge vya mama wa binti, wala baiskeli ambayo mjomba mmoja aliidai kwa sababu tu wajomba wote hudai kitu. Vitu hivyo Christiane alikuwa ameshavipata na kuvipanga nyuma ya magunia ya saruji dukani kwake, na kama mambo yangeishia hapo angekuwa analala usingizi wake wote. Kilichomkosesha raha ni chupa moja.

Papa Germain, baba wa Elikia, aliitaja mwisho wa kikao, watu wakiwa wameshaanza kusimama. Alisema anataka burboni. Si wiski yoyote ya dukani, bali burboni, wiski ya Wamarekani. Na si burboni yoyote, ile mpya iliyotoka mwaka huu, yenye seigle nyingi, yenye ndege kwenye lebo na shingo iliyovishwa karatasi ya kijani. Bila hiyo, akasema kwa upole kabisa, Jumamosi msijisumbue kuja.

Osée, shemeji yake Christiane na msemaji wa upande wa bwana harusi, aliuliza hiyo seigle ni mdudu gani. Papa Germain alimjibu kwamba ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu ya ngano, kisha akaaga.

Njia nzima ya kurudi Kikula, mtaa wao hapo Likasi, Christiane aliongea na Osée asiitikiwe. Mzee mzima, karani wa kiwanda, mtu wa tai na kalamu mfukoni, anamhangaisha mjane kwa ajili ya pombe. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe katika kanisa lao la uamsho, na Osée alikuwa shemasi wa kanisa hilohilo. Lakini Gauthier, mwanawe wa kwanza, alikuwa amepata kazi ya kuchomelea vyuma huko Fungurume, na mwanzo wa mwezi gari la kampuni lingekuja kumchukua. Elikia alikuwa anafundisha Mulungwishi, naye alikwisha kusema wazi: ataondoka na Gauthier akiwa mke wake kwa baraka za baba yake, au hataondoka. Papa Germain alikuwa ameshaahirisha shughuli mara moja. Akiahirisha tena, kijana angeenda kwake na binti angebaki kwake, na umbali ungemaliza kazi.

Gauthier aliwasubiri mlangoni pa duka. Alipoelezwa, alimtazama mama yake kama zamani alipokuwa amepoteza kiatu kimoja cha shule.

"Usinitazame hivyo," Christiane alimwambia. "Ni chupa. Haiko almasi."

Kesho yake alifunga duka mapema akaanza kuzunguka. Kikula nzima ina sehemu za kuuzia vinywaji, lakini nyingi zinauza bia, soda na wiski za chupa za plastiki ambazo hata mnywaji wake hafungui macho anapozimeza. Muuzaji mmoja aliposikia anatafuta nini, alimwambia asubiri, akaingia ndani, akakaa, akatoka na chupa yenye karatasi ya kijani shingoni. Christiane aliigusa kwa ukucha. Gundi ilikuwa bado mbichi.

Alikuwa ameuza saruji miaka mingi kati ya watu wanaojaza mchanga kwenye mifuko yenye chapa nzuri. Alimrudishia kijana chupa yake na kumuuliza kama mama yake anajua anachofanya. Kijana alicheka, akasema huyu mama iko na macho ya polisi.

Akapanda taxi-bus kwenda katikati ya mji. Maduka makubwa ya huko yalikuwa na wiski za Uskoti zimepangwa kwenye kabati la kioo lenye kufuli, kama dawa. Burboni, hakuna. Bibi wa kaunta aliyekuwa na moyo mzuri alimwambia aende kwa Carlos, mhudumu wa baa ya nyumba ya wageni ambako wainjinia hunywa. Huko ndiko karamu ya kumuaga Mmarekani mmoja wa kiwandani ilikofanyika, na wafanyakazi wa ofisi wote walialikwa. Christiane akaelewa Papa Germain aliionja wapi.

Ilikuwa mchana na baa ilikuwa tupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Carlos alikuwa mwembamba, shati jeupe, na alisikiliza habari yote bila kuacha kufuta glasi. Mwishowe aliinama chini ya kaunta, akatoa chupa. Ndege, karatasi ya kijani, na chini kabisa vidole viwili vya kinywaji cha rangi ya asali ya msituni.

Christiane alimwambia amuuzie. Carlos akamuuliza anaweza kupeleka kwa mkwe wake chupa iliyofunguliwa na kunywewa? Hapana. Basi kilichobaki humo hakina kazi ya mahari. Ila kina kazi nyingine. Mtu anayetafuta kitu asichokijua ladha, akamwambia, atauziwa chai baridi na atashukuru.

"Minye sikunywake pombe, papa."

"Basi onja tu, mama. Kuonja haiko kunywa."

Angeweza kumjibu. Alikuwa na jibu tayari, lenye aya ya Biblia ndani. Lakini alifikiria gari la Fungurume, akashusha kiti kimoja, akaketi.

Carlos alimfundisha kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Usitumbukize pua yote, pombe itakuunguza na hutasikia kitu. Acha mdomo wazi kidogo unaponusa. Tone la maji, moja, ili ifunguke. Kisha meza kidogo, na ungoje. Kazi kubwa, alisema, ni kungoja.

Christiane alinusa, na kitu cha kwanza kilichomjia kilimchekesha.

"Haya ni mahindi."

Yalikuwa mahindi kweli. Burboni hutengenezwa kwa mahindi zaidi ya nusu, Carlos alieleza, ndiyo sheria ya wenyewe. Christiane hakuhitaji kuelezwa sana. Mama yake alipika lutuku, gongo ya mahindi, nyuma ya nyumba hukohuko Kikula kabla ya kuokoka, na kama si lutuku hiyo, yeye asingemaliza shule wala kupata diploma yake ya biashara. Harufu ile aliijua tangu mgongoni. Ila hii ilikuwa imelala miaka ndani ya pipa la mti lililochomwa, ikatoka na adabu. Akameza. Utamu ulipita, kama hindi la kuchoma lililopakwa asali. Akataka kusema kitu, Carlos akainua kidole.

Ndipo ikaja. Haikuja kwenye ncha ya ulimi, ilianzia nyuma, kwenye shina la ulimi, ikapanda puani: pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi, na nyuma yake jani bichi lililofikichwa mkononi. Machozi yalimtoka kidogo. Seigle hiyo, Carlos akasema. Burboni nyingine huitia kidogo tu, kama chumvi. Hawa safari hii wameitia karibu theluthi. Wengine hawaipendi, wanasema inauma.

Carlos alimimina iliyobaki ili mama aionje mara ya pili na asiisahau. Alipoweka glasi chini, Christiane aliitazama chupa, na wazo likamjia likiwa limechelewa.

"Iko ingine?"

Hakukuwa na nyingine. Mmarekani aliileta mwenyewe kwenye sanduku lake. Kwa hiyo Christiane, mwanamke wa kanisa, alikuwa amemaliza kunywa burboni pekee ya seigle nyingi iliyokuwa Likasi.

Tangu siku hiyo hakukaa mahali. Alimpigia simu binamu yake aitwaye Mimi huko Lubumbashi, Mimi akazunguka maduka ya huko akimtumia picha za chupa, na Christiane akijibu hapana, hapana, hapana, huku mteja mbele yake akisubiri misumari. Alikwenda mtaa wa Panda kwa mtu aliyesemekana ana ndugu anayepita mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia. Ndugu alikuwa amelala, na alipoamshwa alijua bia tu. Aliwauliza madereva wa malori ya shaba waliosimama kula barabarani. Mmoja alimwambia akipata mke wa kumhangaikia hivyo ataacha hata lori. Christiane alimwambia yeye aanze kwa kuoga, wenzake wakacheka, naye akaendelea na safari. Alikuwa akila amesimama. Alimuuzia fundi mabomba yasiyo ya kipimo chake, fundi akayarudisha, naye akamgombeza. Gauthier alijaribu kumwambia labda yeye aende kuzungumza na Papa Germain, mwanamume kwa mwanamume. Alimwambia anyamaze, mkwe hazungumzi na baba mkwe wake habari za mahari, hata kama ni fundi wa kuchomelea.

Ijumaa asubuhi taxi-bus ya Lubumbashi ilileta kifurushi cha Mimi. Christiane alikichana hapohapo kituoni, amesimama katikati ya watu na kuku. Ndege alikuwepo, jina la watengenezaji lilikuwepo. Shingo ilikuwa nyekundu.

Mimi, kwenye simu, alisema mwenye duka ameapa kwamba ni ileile, wamebadilisha nguo tu. Christiane hakuhitaji kuifungua ili kujua. Ilikuwa burboni halisi, yenye kifuniko kilichofungwa kiwandani, ya watengenezaji walewale. Lakini ni ya zamani, yenye seigle kama chumvi.

Hapo alifanya kitu ambacho wakwe hawafanyi siku moja kabla ya shughuli. Alikwenda kumtafuta mama wa binti. Alimkuta Madeleine kwenye mashine ya kusaga, ameweka beseni la mahindi kwenye foleni, unga umemfanya mweupe hadi nyusi. Madeleine alishtuka kumwona, kisha akamvuta pembeni ya ukuta, mahali kelele za mashine zingemeza maneno yao.

Christiane alimweleza bila kuzunguka. Chupa ya kijani haipo Likasi, haipo Lubumbashi. Ana nyekundu. Afanye nini?

Madeleine aliangalia kushoto na kulia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebeba jambo peke yake hadi likamchosha. Akasema Papa Germain hasikii harufu. Tangu ile homa mbaya ya miaka miwili iliyopita, pua imekufa, na ulimi umekufa pamoja nayo. Ugali wa bukari au karatasi, kwake ni kimoja. Mboga ya sombe ikiungua jikoni, anaendelea kusoma gazeti. Ameficha, hata ofisini hawajui, hata watoto. Ana haya, kama mtu aliyeng'oka meno.

"Sasa burboni ya nini?"

"Kujionyesha kwa kaka zake. Atafanya nini ingine nayo? Muletee hiyo yako, mama. Hatajua. Ila macho iko nayo, ile rangi ya shingo ataiona."

Wakatazamana. Hakuna aliyelitaja neno kijani. Foleni ilisogea, Madeleine akarudi kwenye beseni lake.

Alasiri Christiane alikata karatasi ya kijani kwenye boksi la misumari ya bati. Ilikuwa kijani kilekile, karibu. Aliloweka karatasi nyekundu, akaibandua polepole, akabandika yake, akaibana kwa vidole hadi ikakauka. Alifanya kazi safi. Alipomaliza alikumbuka kijana wa gundi mbichi, na akajiambia kwamba si sawasawa: yule aliuza uongo, yeye anamwoza mtoto. Kisha akanawa mikono mara mbili.

Jumamosi uwanja wa Papa Germain ulikuwa umefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Wajomba na baba wadogo wa Elikia walikaa mstari mmoja kwenye viti vya plastiki, watu wa asili ya Kasai ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba na ambao hadi leo hawaruki hata hatua moja ya mahari. Osée alisema vizuri. Mbuzi alipokelewa, suti ilipimwa kwa macho, vitenge vilipigiwa vigelegele, baiskeli ilipandwa palepale na mwenyewe. Chupa ilipotolewa kwenye mfuko, Papa Germain aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama shingo. Alitabasamu kama kijana.

Kisha akairudisha kwa Osée, pamoja na glasi.

Kila mtu uwanjani alijua maana yake, na Christiane aliijua pia. Alikuwa ameisahau tu, kwa sababu kwao kanisani watu hupeana soda, na soda haina maneno. Anayeleta kinywaji hukionja kwanza mbele ya watu, ili wote waone kwamba hakuna kitu kibaya ndani yake. Osée alirudisha mikono nyuma. Yeye shemasi, alisema, midomo yake haigusi. Wakasema basi mwingine, mkubwa wa nyumba yao, kwa sababu bwana harusi hanywi mbele ya baba mkwe. Baba wa Gauthier alikuwa amekufa. Macho yote yakamjia Christiane.

Alisimama, akamiminiwa, akanywa. Hakuwa na haja ya kungoja, lakini alingoja. Asali. Hindi la kuchoma. Mti. Kisha koo lake likawa wazi na tupu kama barabara ya Jumapili. Aliketi, na wajomba wakaitikia kwamba ni vema.

Papa Germain akajimiminia. Hakunywa mara moja. Aliweka glasi chini ya pua, akaacha mdomo wazi kidogo, na Christiane, aliyekaa mbele yake kabisa, akatambua mtindo wa Carlos. Akameza. Akafumba macho, akangoja.

Watu wenye kujionyesha hawangoji namna ile. Wanazungumza, wanasifia, wanainua glasi juu ionekane. Huyu alikuwa ametulia kama mtu aliyeweka sikio ukutani. Alimeza tena, akangoja tena. Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa umezeeka.

Aliinama kuelekea kwa Christiane, akasema kwa sauti ya chini ambayo wajomba hawakuisikia.

"Mama Gauthier. Weye ulisikia ile pilipili?"

Christiane alivuta kitenge chake magotini.

"Ku ile karamu niliisikia," mzee alisema. "Minye hapa, sisikiake kitu. Lakini ile siku niliisikia. Kidogo, ku nyuma, halafu mu pua. Nilienda inje nikalia. Nikasema pua inarudia." Aliitazama glasi. "Sasa haiko. Weye uliisikia?"

Nyuma ya bega lake Madeleine alikuwa amesimama na sinia. Hakusikia maneno, lakini aliona midomo, na akamtikisia Christiane kichwa kidogo: sema ndiyo.

Ilikuwa rahisi. Neno moja, na Jumatatu Gauthier na Elikia wangefunga mizigo. Christiane alimwona mwanawe upande wa pili, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya boksi, hajui aweke wapi mikono yake mikubwa. Neno moja. Na mzee huyu angejua kwamba pilipili imo kwenye glasi, mwanamke asiyekunywa ameisikia, na yeye hakuisikia. Kwamba ile siku moja ilikuwa ndoto, na pua imekufa kweli. Asingetafuta tena.

"Hapana, papa," alisema. "Minye sikuisikia."

"Ulikunywa muzuri?"

"Nilikunywa muzuri. Pilipili haiko mu hii chupa. Haiko ile." Na kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza kazi aliyoianza, alipandisha sauti hadi mstari wote wa viti ukasikia. "Hii ni ya zamani, ya shingo nyekundu. Hii karatasi ni ya boksi ya misumari. Niliibandika na hii mikono yangu."

Uwanja ukachemka. Osée alifunika uso kwa Biblia yake. Mjomba wa baiskeli alisimama akisema wamedharauliwa, wameletewa vitu bandia mchana kweupe, mbuzi arudi kwao. Ila hakuiachia baiskeli. Mwingine alisema watu wa Kikula ndivyo walivyo. Gauthier alikuwa amegeuka jiwe. Christiane alikaa wima, akiona gari la Fungurume likiondoka na mtu mmoja.

Papa Germain hakusimama. Alikuwa akimtazama Christiane kwa namna ya ajabu.

"Ile yenyewe unaijua wapi?"

Alimwambia. Alimwambia kwamba alikunywa ya mwisho kwa Carlos, yote, bila aibu, akiisaka kwa ajili yake. Mzee aliuliza inakuwaje. Akamweleza: mahindi kwanza, asali, unafikiri imekwisha, unataka kusema kitu.

"Inakawia," alisema Papa Germain.

"Inakawia. Kiisha inakuja. Inaanza huku." Aligusa shingo yake, nyuma ya taya. "Pilipili. Halafu jani."

"Jani," alirudia yeye, na macho yakamlowa. "Njo vile. Jani. Nilifikiri ile ya jani niliota."

Alisimama. Wajomba walinyamaza mmoja mmoja, wa baiskeli akiwa wa mwisho. Papa Germain alimkabidhi mdogo wake ile chupa, akawaambia wanywe, ni burboni nzuri, ni yao, yeye anangoja yake. Mjomba akaanza tena habari ya dharau. Papa Germain alimwambia aketi, binti ni wa nani? Kisha akamwambia mkewe wamtoe mtoto nje.

Madeleine aliingia ndani mbio, sinia na yote. Wanawake wakaanza kuimba. Mlangoni wakatokea wanawake watatu waliofunikwa vitenge, na chini ya kimojawapo alikuwa Elikia, ili Gauthier amtambue ni yupi. Christiane alipaswa kusimama ashangilie kama mama wa bwana harusi, na aliinuka nusu. Lakini Papa Germain alikuwa amevuta kiti chake karibu na cha Christiane, glasi tupu iko chini ya pua, mdomo wazi kidogo.

"Sema tena," alimwambia. "Polepole. Inaingia wapi kwanza?"